Nani Alikuwa na Sababu ya Kumwandika Babu Yako?

Wengi wanaoanza kutafuta habari za baba wa babu huingilia mlango usio wao. Huenda moja kwa moja Nyaraka za Taifa, wakataja jina la mzee, wakamsubiri mhudumu awaletee jalada lake. Jalada hilo halipo. Majalada yale yamepangwa kwa wilaya, kwa idara na kwa mambo: kodi, mashamba, njaa, barabara, kesi. Hakuna karani aliyekaa chini akaandika jina la mzee wako ili wewe mjukuu uje kulisoma.

Swali la kwenda nalo ni jingine. Serikali ya kikoloni, misheni, mwenye shamba la mkonge, kadhi, jeshi, kila mmoja aliandika watu kwa haja yake mwenyewe. Aliyetaka kodi alihesabu nyumba. Aliyetaka vibarua aligawa namba. Aliyetaka waumini alifungua kitabu cha ubatizo. Mara nyingine mzee mwenyewe ndiye aliyeifuata kalamu, kwa sababu alinyang'anywa shamba au hakulipwa mshahara wake. Basi kabla hujapanda basi kwenda popote, jiulize: katika maisha ya mtu huyu, nani alikuwa na sababu ya kumwandika, wapi, na miaka gani? Ukipata majibu mawili matatu umekwishajua milango ya kubisha.

Tazama maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Wajerumani, naye akaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Huko alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara ambayo baba yake na yeye hawakulipwa. Dai likakataliwa kwa hoja kwamba muda umepita. Fedha hakuzipata, lakini kule kudai kuliacha karatasi: jina la baba, kazi waliyofanya, vita walivyopigana. Alibaki Ujerumani, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, akaoa Mjerumani. Mwaka 1941 alikamatwa chini ya sheria za ubaguzi wa Wanazi, na Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliweza kuandika kitabu kizima juu yake, na chanzo chake kikubwa ni karatasi za watu waliotaka kitu kwake au ambao yeye alitaka kitu kwao: mwajiri, polisi, chuo, wizara. Na huko Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Anayemtafuta kwa jina la nyumbani peke yake hamwoni. Nitarudi kwenye majina, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Lakini anza nyumbani, tena haraka, kwa sababu nyaraka zitakusubiri na bibi yako hatakusubiri. Unapokaa na mzee, usimuulize mwaka. Ukimuuliza babu yake alizaliwa lini atakupa mwaka wowote ili usiondoke mikono mitupu. Muulize aliingia jando na nani. Nani alikuwa jumbe au akida wakati ule? Alikuwa ameoa vita vya Mjerumani vilipoanza? Alikuwa anachunga, au bado anabebwa mgongoni, sotoka ilipomaliza ng'ombe? Matukio kama hayo yana tarehe zinazojulikana. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Homa kali ya mafua iliyoua watu wengi ni ya mwishoni mwa 1918. Ugogo wana njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 ikaendelea hadi kama 1920. Nzige wakubwa walitanda Afrika Mashariki tangu 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ila jihadhari, kwa kuwa njaa na sotoka zilikuja zaidi ya mara moja, na kila kizazi hudhani iliyotajwa ni ile yake. Linganisha tukio moja na jingine kabla hujaandika tarehe.

Waulize na watani. Ndugu wa damu wana mambo wanayoyafunika kwa heshima ya marehemu. Mtani hana mzigo huo. Atakwambia mbele ya watu kwamba babu yenu alikuja hapa akikimbia deni, na mara nyingi ndani ya ule mzaha mna jina la kijiji alikotoka.

Halafu kuna karatasi ambayo karibu kila familia inayo na hakuna anayeihesabu kuwa nyaraka: wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Kusanya wasifu wote wa ukoo unaoupata, wa mashangazi, wa wajomba, hata wa binamu wa mbali. Umeandikwa kwa haraka usiku wa kuamkia mazishi, kwa hiyo miaka yake usiiamini sana, na kosa la wasifu mmoja hunakiliwa kwenye unaofuata. Lakini shule, kituo cha kazi, mahali pa kuzaliwa na idadi ya wake huwa ni vya kweli, kwa sababu wapo waliokaa pale msibani ambao wangepinga.

Fungua pia sanduku la bibi. Stakabadhi ya kodi inataja mwaka na wilaya. Picha ya studio huwa na mhuri nyuma. Ukikuta Capital Art Studio umefika Zanzibar, na si kabla ya 1930. Kwa watu wa Kenya kuna kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, na wengi walikitia ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Wazee walikichukia, na waliokichoma moto hawalaumiki. Lakini kama cha kwenu kilisalimika, mmepata wasifu wa miaka mingi kwenye karatasi moja: alama za vidole, kabila na wilaya, mwajiri mmoja baada ya mwingine, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa, na mshahara.

Sasa misheni. Kwa familia ya Kikristo, na hasa ya Kikatoliki, hakuna chanzo kinachoshinda kitabu cha ubatizo, nami ningeshauri uanzie hapo hata kabla ya Nyaraka za Taifa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana wa CMS walikuwa Rabai tangu 1846, na wakaanzisha makazi ya Frere Town karibu na Mombasa miaka ya 1870. Bara, misheni nyingi ni za kuanzia miaka ya 1880 na 1890. Kitabu cha Kikatoliki kiliandikwa kwa Kilatini, lakini huhitaji kujua Kilatini kukisoma. Ni safu zile zile ukurasa hadi ukurasa: tarehe, jina la ubatizo, jina la baba na la mama, msimamizi wa ubatizo, padre aliyebatiza. Yusufu ataandikwa Josephus na Yohana ataandikwa Joannes.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni pembezoni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa virudishwe kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, pembeni ya jina la mhusika, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine mbali kabisa. Kijana aliyebatizwa Kilimanjaro akaenda Tanga kukata mkonge na akaoa huko, pembezoni mwa jina lake kule kwao mnaweza kuwa na jina la parokia ya Tanga, tarehe na jina la mke. Cheti cha ubatizo unachopewa ofisini kwa kawaida ni muhtasari, na mengine hayanakiliwi. Kwa hiyo usiridhike na cheti. Mwombe paroko, kwa unyenyekevu na kwa miadi, akuruhusu kuuona ukurasa wenyewe, au akusomee yote yaliyo pembeni. Padre ana kazi zake na kitabu kimechakaa. Ukifika Jumapili baada ya misa ya pili ukadai vitabu vya 1902, utaambiwa urudi, na utakuwa umestahili.

Msimamizi wa ubatizo naye mwandike. Mara nyingi alikuwa katekista, na mara nyingine ndugu au mtu wa kijiji kimoja. Ukikosa habari za babu, mfuate msimamizi. Ndivyo ilivyo kwa kila karatasi utakayoishika: usichukue jina la mzee wako peke yake, chukua majina yote yaliyomzunguka, mashahidi, majirani, waliobatizwa siku hiyo hiyo. Watu hawakusafiri peke yao, wala hawakwenda kuandikishwa kazi peke yao.

Vitabu vya misheni havikubaki vyote hapa. Nyaraka za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA, Waanglikana wengine waliokuwa Unguja, Magila na Masasi, ziko Oxford. Huko hutakuta sana vitabu vya ubatizo; utakuta barua na taarifa ambamo wamisionari wanawataja walimu na mashemasi Waafrika kwa majina, na kusifu au kulalamika. Malalamiko ndiyo yenye habari nyingi.

Kuhusu majina, weka akilini kwamba jina la mzee wako halikuwa kitu kimoja kilichotulia. Alikuwa na jina la kuzaliwa, la jandoni, la dini, la utani, na lile alilompa karani kwa sababu karani alishindwa kuandika la kwanza. Jeshini na mkongeni wengi walijitajia jina jipya. Karani naye aliandika alivyosikia: Mjerumani aliandika sch kwa sh na dsch kwa j, Mchaga akawa Dschagga, Kilosa ikawa Kilossa, Mwanza ikawa Muansa. Andika orodha ya namna zote ambazo jina lingeweza kuandikwa na mtu asiyejua lugha yenu, kisha utafute kwa zote. Kama kuna namba yoyote, ya jeshi, ya kipande, ya manamba, ishike hiyo kuliko jina, maana hiyo karani hakuwa na sababu ya kuibadilisha.

Miji nayo ilibadilishwa majina. Lushoto ya Wajerumani ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Kwa upande wa Kenya, Murang'a ni Fort Hall, Nyahururu ni Thomson's Falls, na sehemu kubwa ya magharibi iliitwa Kavirondo. Na kwa Tanzania kuna tatizo moja zaidi: kijiji cha leo huenda si mahali mzee alipoishi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Uliza mahame yenu yako wapi, nenda ukiwa na mtu mzima wa pale, na andika jina la kilima na la mto, kwa sababu ramani na taarifa za zamani hutaja vilima na mito.

Ukiwa na mahali, miaka na sababu, sasa nenda Nyaraka za Taifa. Za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi, kwenye jengo lililokuwa benki. Za Tanzania Bara ziko Upanga, Dar es Salaam. Za Zanzibar ziko Kilimani. Chukua kitambulisho, barua ya utambulisho ikiwezekana, penseli na si kalamu ya wino, na uliza ada na utaratibu wa kupiga picha kabla hujaanza. Mweleze mhudumu mahali na miaka unayoitafuta kabla ya kumtajia jina. Dar es Salaam omba vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo za machifu, njaa, mipaka na mila za kila sehemu. Nairobi omba taarifa za mwaka za wilaya na zile za kukabidhiana ofisi. Babu yako aliyekuwa mkulima wa kawaida hatatajwa humo. Lakini chifu wake atatajwa, na kesi ya shamba la jirani yake, na mwaka ambao wanaume wa kijiji kile walikwenda kazini kwa wingi kwa sababu mvua zilikosekana. Majalada ya Wajerumani ni magumu kwa mwandiko wao wa zamani hata kwa Wajerumani wa leo. Yale ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, chini ya alama R 1001, na sehemu kubwa imewekwa kwenye intaneti.

Kama mzee wako alikuwa mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, nakuonya mapema usije ukavunjika moyo. Maelfu kwa maelfu walikufa bila kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wa vita vile hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Ulaya. Dalili utaipata kwenye fedha. Baada ya vita ilibaki mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikuwafikia wenyewe, na Nairobi na London zikabishana miaka mingi juu yake. Kama ipo medali, geuza ukingo wake uutazame kwa miwani: medali za vita vya kwanza zilichongwa jina, namba na kikosi. Za vita vya pili Waingereza hawakuzichonga, kwa hiyo Nyota ya Burma ya babu itakwambia alikofika, haitakwambia chochote zaidi.

Kwa Vita Kuu ya Pili hali ni nafuu. Orodha ya waliokufa ya tume hiyo hiyo iko kwenye intaneti na inatafutika kwa jina na kikosi. Kama nyumbani husimuliwa kwamba mtu wenu alizama na meli, angalia tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ikazama kwa muda wa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wenye wazee waliowekwa kizuizini Kenya miaka ya 1950 watazame mafungu ya FCO 141 huko Kew, London. Ni majalada ambayo Uingereza iliyahamisha wakati wa uhuru ikayaficha, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha kuyafungua kuanzia 2012.

Pwani ina utajiri wake. Wasiobatizwa walikuwa na kadhi: ndoa, talaka, mirathi, wakfu. Karatasi ya mirathi ni ukoo mzima umepangwa kwa mafungu, wajane, watoto wa kike na wa kiume, na mtoto wa nje anayekuja kudai. Kwa Mombasa, Malindi na Lamu tafuta madai ya ardhi yaliyofuata sheria ya mwaka 1908, ambapo kila mwenye shamba alilazimika kueleza amelipataje na kwa nani. Mwanamke aliyekosekana kila mahali huonekana hapa, akidai au akidaiwa. Kwa ujumla, ukimtafuta bibi, mtafute mahakamani kabla ya kumtafuta kwenye kodi.

Unguja na Pemba, amri ya 1897 iliwapa watumwa njia ya kudai uhuru wao mbele ya maofisa, na madai hayo yaliandikwa. Rabai na misheni za jirani, zaidi ya watumwa 1,400 waliotoroka walipewa hati za uhuru kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1889. Upande wa Wajerumani zilitolewa barua za uhuru zenye jina la mtu na la aliyekuwa akimmiliki. Hizi ni katika nyaraka chache ambamo mtu asiye na cheo aliulizwa yeye ni nani na ametoka wapi.

Magazeti ya zamani usiyaruke, hasa kama mzee alikuwa mwalimu, karani au mshairi. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji yenye majina na mahali walipo. Sensa achana nazo: zinakupa idadi ya watu wa wilaya, majina hazikupi. Vipimo vya vinasaba navyo vitakuonyesha asili ya mbali na pengine binamu aliyeko Muscat au Toronto, lakini havitakwambia jina la mama wa babu.

Kuna mawili ya kujiandaa nayo. La kwanza, ukianza kuuliza-uliza kijijini, watu watadhani unatafuta shamba. Hawana kosa, kwa sababu wengine waliokuja na maswali kama yako walirudi na mwanasheria. Sema mapema mbele ya wazee unachotaka na usichotaka, na nakala za unachokipata wape. La pili, utakuta jambo: babu aliyekuwa mtumwa au mwenye watumwa, mtoto asiyejulikana, kifungo, mke aliyekimbia. Usilisome kwenye kikao cha ukoo wala usilitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mpelekee kwanza aliye karibu zaidi na jambo hilo, faragha, akiwa hai na mwenye uwezo wa kulijibu. Mara nyingi utagundua alikuwa analijua muda wote, na kwamba ana nusu ya pili ya habari ambayo hakuna jalada lililo nayo. Iandike hiyo nayo, pembeni uweke nani kakwambia na tarehe, ili mjukuu wako asije akadhani umeisoma Upanga.